Tembe si aibu ya Dodoma, msomaji mwenzangu umekosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijumba vya tope vyenye paa bapa, hizi tembe zetu Wagogo, vinavyoonekana pembeni ya barabara ukiwa unaingia Dodoma vibomolewe vyote maana vinaaibisha makao makuu ya nchi, mabalozi wanapita wanaona, na eti Ulaya huwezi kukuta kitu kama hicho. Mengine aliyoandika sina ugomvi nayo, barabara za mitaani kweli zina mashimo na takataka kweli zinachelewa kuzolewa, ila hapo kwenye Ulaya ndo pamenifanya nishike simu nianze kuandika. Mimi ni fundi ujenzi, nimeanza kujenga hapa Dodoma mtaa wa Nkuhungu bado ni mashamba, na binti yangu anafanya kazi ya kuhudumia wazee huko Swindon, Uingereza, akanikatia tiketi nikaenda kumsalimia, na kwa vile anajua baba yake hawezi kukaa ndani anaangalia tivii basi kila akipata ofu ananipakia kwenye gari tunaenda kuzunguka vijiji na vimiji vyao vya zamani. Kwahiyo ninachosema nimekiona na vingine nimevishika kwa mkono.

Nianze na nyumba moja tu. Iko Stratford-upon-Avon, mtaa unaitwa Henley, ndo alikozaliwa Shakespeare mwaka 1564, huyuhuyu ambaye Mwalimu Nyerere alikaa akatafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Watu wanatoka Marekani, China, Japani wanapanga foleni na wanalipa hela ya maana kuingia. Sasa wenzangu wakati wanaelezwa habari za kitanda na meza mimi macho yangu yako ukutani, maana ndo kazi yangu, na nikauliza kabisa huu ukuta una nini ndani, binti akanitafsiria. Nguzo za mbao ngumu ya mwaloni, katikati ya nguzo zimesukwa fito, juu ya fito udongo umekandwa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, halafu chokaa juu. Nikacheka kwa sauti mpaka yule mama wa makumbusho akanigeukia. Binti yangu akasema, "Baba, si nyumba ya bibi kule Mvumi hii?" Nikamwambia ndo yenyewe mama, wametuzidi ghorofa tu.

Msomaji mwenzangu hebu tulia hapo kidogo. Nyumba ya kukandika, ya fito na tope na mavi ya ng'ombe, ndo kivutio kinacholisha mji mzima, hoteli, migahawa, mabasi, wauza vikombe vyenye picha, wote wanakula kupitia ukuta wa udongo. Na haikubaki hivihivi kwa bahati. Mwaka 1847 ilipigwa mnada, kukawa na maneno kwamba Mmarekani mmoja mfanyabiashara wa maonyesho, P. T. Barnum, anataka kuinunua aisafirishe kwao, Waingereza wakaona hapana, wakachangishana, wakainunua kwa paundi 3,000 ikawa ya umma mpaka leo. Hapo jirani kwenye kijiji cha Shottery kuna nyumba ya kwao mke wa Shakespeare, hiyo nayo imeezekwa manyasi, manyasi kabisa, na mafundi wa kuezeka manyasi wapo, wana magari yao, wana simu zao, wanawekewa oda. Matete yakiezekwa vizuri yanakaa miaka 30 na zaidi, pale juu kwenye mgongo ndo wanaparudia kila miaka 10 mpaka 15. Mtu akitaka kuniambia manyasi ni umaskini anitajie kwanza bei ya hizo nyumba.

Ila kilichonimaliza mimi kama fundi ni huku kwenye mawe, sehemu inaitwa Cotswolds, ni vilima vya malisho vimeenea karibu kilomita za mraba 2,000, ndani yake vijiji vya mawe vitupu, mawe ya chokaa ya njano iliyopauka, ukuta wa jiwe, paa la jiwe, uzio wa jiwe. Ule uzio ndo nilikaa nao. Hauna saruji hata kijiko. Wanainua nyuso mbili, kila upande na kozi zake, yaani safu za mawe, chini mpana juu mwembamba ili ziegemeane, katikati wanashindilia vipande vidogo vidogo wala hawamwagi tu, kila baada ya kozi kadhaa wanalaza jiwe refu linalotoka upande huu mpaka upande wa pili kuzishika nyuso zote mbili, na juu kabisa mawe yanasimamishwa wima yamebanana. Nilijaribu kuvuta moja, halikutikisika, binti akaanza kunong'ona baba acha utatupeleka polisi. Wanasema nyuzio za namna hiyo kwa Cotswolds peke yake zinapita kilomita 6,000. Sisi hapa Dodoma mawe tumejaliwa, kila kona mlima wa mawe, na ukuta wa uzio mtu anajenga wa bloku za nchi sita, mvua ya mwaka mmoja tu umelala chini kwa sababu saruji ililambwa na msimamizi.

Paa nalo lina mambo yake. Ni vipande bapa vya mawe, vikubwa vinaanza chini kwenye ukingo na kadri unavyopanda vinapungua, juu kabisa ni vidogo, ili mzigo mzito ukae kwenye ukuta usiielemee kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Na unajua walivyokuwa wanavipata? Kijiji kimoja kinaitwa Stonesfield, walikuwa wanachimba jiwe kabla baridi haijakolea, wanaliacha nje likiwa limelowa, baridi ikishika yale maji yanaganda ndani yake jiwe linapasuka lenyewe vipande. Yaani hali ya hewa ndo ilikuwa saidia fundi wao. Nilikaa nalifikiria hilo jambo usiku, kwamba kila watu walitazama walichonacho wakajenga nacho, na babu zetu Wagogo walifanya hivyohivyo ila wa kwetu tunawaonea haya.

Sasa swali ambalo msomaji mwenzangu angetakiwa kujiuliza ni kwanini hivyo vijiji bado vipo. Mimi nilidhani Waingereza wanapenda sana vitu vya zamani kwa asili yao. Wala. Karne ya 14 na 15 hao watu wa Cotswolds walikuwa matajiri wa kutupwa kwa ajili ya kondoo, sufu yao, yaani manyoya ya kondoo, ilikuwa inanunuliwa mpaka na Waitaliano, mfanyabiashara mmoja William Grevel alikufa 1401 na nyumba yake bado imesimama barabarani pale Chipping Campden, hapohapo kuna soko la mawe lililojengwa 1627 limesimama kwa nguzo na matao, pande ziko wazi, unaingia tu bure unakaa kwenye kivuli. Makanisa yao vijijini ni makubwa kiasi kwamba unajiuliza waumini walitoka wapi, yote hela ya sufu. Mpaka leo spika wa Nyumba ya Malodi, yaani bunge lao la juu, kule London anakalia mto uliojazwa sufu, na sisi watu wa Dodoma mambo ya Bunge tunayapenda kwahiyo nimeona niwape na hiyo. Halafu zikaja mashine za mvuke, viwanda vya nguo vikahamia kaskazini Yorkshire kwenye makaa ya mawe, Cotswolds ikabaki na njaa, vijana wakaondoka, na hakukuwa na mtu mwenye hela ya kubomoa nyumba ya babu yake ajenge ya kisasa. Basi. Ni ukata ndo ulivilinda. Baadaye mwishoni mwa miaka ya 1800 ndo watu wenye nafasi kama William Morris, msanii na mwandishi, wakaanza kuja kushangaa, huyo Morris alikisifia kijiji cha Bibury kuwa ndo kizuri kuliko vyote Uingereza, na kuanzia hapo watu hawajaacha kumiminika.

Dodoma yetu iko kinyume kabisa na hapo ndo ninapoogopa. Huku hela ndo kwanza inaingia. Serikali imehamia, Mtumba kwenye mji wa serikali imejaa wizara, treni ya umeme tangu 2024 mtu anatoka Dar asubuhi anakuja kikao anarudi, viwanja vinapanda bei kila ukilala ukiamka. Kila mwezi napigiwa simu fundi njoo ushushe hii ya zamani tusimamishe fremu za maduka. Kule Madukani na Majengo zile nyumba za zamani zenye baraza na milango ya mbao minene zinaondoka moja moja, inaingia ghorofa ya vioo na alminiamu ambayo mchana wa Oktoba ndani huwezi kukaa bila AC. Mwenye nyumba simlaumu, ni mali yake na ana watoto. Ila hamna mtu hata mmoja anayepita kabla ya nyundo kuuliza hii nyumba ni ya lini, aliijenga nani, tuipige hata picha.

Kule wenzetu wanauliza. Baada ya vita mwaka 1947 walipitisha sheria ya mipango miji, majengo ya zamani yakaanza kuwekwa kwenye orodha, leo yako karibu laki nne, yamegawanywa kwa madaraja, na karibu kila nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1700 ikabaki na sura yake imo. Ikiwa imo kwenye orodha huwezi kubadilisha hata dirisha bila kibali cha halmashauri, ukijifanya mjanja ni kosa la jinai, unaenda mahakamani. Na hawakuishia kwenye majumba ya mabwana, wameorodhesha mpaka vibanda vyekundu vya simu. Nilikuta kimoja kijijini, simu ilishang'olewa siku nyingi, ndani wameweka mashelfu ya vitabu, unachukua kimoja unaacha kingine, hamna mlinzi. Kijiji kingine, Lacock, chenyewe karibu chote mwaka 1944 mwenye nacho alikikabidhi kwa shirika lao la kutunza urithi, National Trust, watu wanaishi mle kwa kupanga, mitaani huoni nyaya za umeme wala antena, na watengeneza filamu wanakuja kupiga picha kwa sababu hawana haja ya kuficha kitu.

Halafu kuna hii ya Henry Ford, huyu wa magari. Karibu mwaka 1930 alinunua nyumba nzima ya mawe kwenye kijiji cha Chedworth, ikashushwa jiwe kwa jiwe, ikapakiwa melini mpaka Michigan ikajengwa upya, na iko huko mpaka leo wanaiangalia Wamarekani. Nilipoisikia nikakumbuka kwetu, maana mtoto wa Dodoma leo akitaka kuiona tembe imetunzwa vizuri na imewekewa maelezo itabidi apande basi mpaka Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, aikute imepangwa pamoja na nyumba za makabila mengine. Si mbaya, wamefanya kazi nzuri, ila tembe ya Mgogo kuifuata Dar tena mimi naona ni kichekesho.

Na watalii wenyewe vijijini kule wanafanya nini? Hamna simba, hamna tembo. Wanatembea kwa miguu. Uingereza na Welisi wana njia za miguu za umma kama kilomita 225,000, njia inakatiza katikati ya shamba la mtu na kisheria mwenye shamba hawezi kuifunga, anaweka kigeti kidogo, wewe unapita katikati ya ng'ombe wake unaendelea mbele unakuta kibao kidogo cha mshale. Wanafika kanisani wanasoma majina kwenye makaburi, wanaingia mgahawani wanakunywa chai na mkate wa maziwa na jamu, wanarudi kwao wamechoka na wamefurahi. Mimi mara ya kwanza nilimuuliza binti, sasa tumekuja kuona nini? Kufika jioni nimeelewa, na miguu inaniuma.

Sasa linganisha na tulichonacho. Kolo, kule Kondoa, michoro ya miambani imeingia kwenye urithi wa dunia tangu 2006, mapango na miamba zaidi ya 150, watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu na wanyama wao, na wenyeji mpaka leo baadhi ya hayo mapango wanafanyia matambiko, yaani ni mahali palipo hai. Lami ya Kondoa ipo. Uliza Dodoma mjini watu kumi wangapi wamefika. Kongwa kuna habari ya mashamba ya karanga ya Mwingereza, walianza 1947 na matrekta mengi, wakakutana na ardhi yetu na ukame wetu, 1951 wakafunga na mamilioni ya paundi yamezama, na baadaye hapohapo Kongwa wakakaa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA. Mwingereza ambaye babu yake alitumwa kwenye karanga angetoa hela ngapi kuonyeshwa pale? Mpwapwa misafara ya zamani ilikuwa inapumzika ikitoka pwani. Zabibu tunazo, wimbo na marimba ya Kigogo dunia nzima inamjua marehemu Hukwe Zawose. Hatuna vibao vya mishale tu, na choo safi njiani.

Sisemi tuige kila kitu, maana nako kuna maumivu yao. Bibury kuna safu moja ya vijumba inaitwa Arlington Row, mwaka 1380 hivi lilikuwa ghala la sufu la watawa, karne ya 17 likageuzwa nyumba za wafuma nguo, picha yake utaikuta kila mahali. Watu wanaishi mle ndani. Nimeona kwa macho yangu mgeni amebandika simu kwenye dirisha la mtu anapiga picha jikoni kwake. Mabasi makubwa yalikuwa yanashusha watu wanajaa kwenye barabara ya upana wa bajaji mbili, wapiga selfi dakika 20 wanaondoka, soda wamekuja nayo. Wenyeji wamelalamika sana. Na kijana aliyezaliwa humo hawezi kununua nyumba tena, zimenunuliwa na watu wa London wanaokuja wikiendi. Kwahiyo tukianza tuanze na wenye kijiji, hela ya kiingilio iingie kwenye kisima chao na zahanati yao, na mgeni aambiwe mapema kwamba dirisha la mtu si la kuchungulia.

Kuhusu tembe yenyewe niseme kama fundi, maana wengi wanaiponda hawajawahi kuijenga. Unasimamisha nguzo zenye panda, juu unalaza boriti, juu ya boriti fito zimebanana, manyasi, halafu udongo unashindiliwa paa linakuwa bapa, ukuta unakandikwa. Fupi kwa makusudi kwa sababu ya upepo wa huku. Bapa kwa sababu mvua zetu ni chache, kwa kawaida mwaka mzima kama milimita 600, na juu ya paa mama anaanika mtama na karanga mbuzi hawafiki. Vyumba vinazunguka uwanja, ng'ombe wanalala katikati mwizi apite wapi? Mchana ndani pamepoa, usiku wa Julai pana joto. Ubaya wake ni mchwa, na mvua kubwa ikipiga siku tatu mfululizo paa linavuja, lazima ulirudie udongo kila mwaka, na moshi ndani unaumiza macho ya wazee. Kwahiyo mtu akipata bati apige bati, mimi mwenyewe nimepiga, sitaki kusikia mtu anamwambia bibi yangu abaki kwenye moshi ili mzungu apate picha.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana bajeti hii hii. Halmashauri zetu, Jiji, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, kila kata ichague tembe moja nzima ambayo mwenyewe anakubali kwa hiari yake, alipwe cha kumwezesha kuitunza, iwekewe nguzo zilizotibiwa dawa ya mchwa, maana hata Mwingereza nyumba yake ya zamani ameweka bomba na umeme na intaneti, hajaiacha ioze. Pili, kibali cha kubomoa nyumba ya zamani mjini kisitoke kabla afisa hajapiga picha na kuandika historia yake ukurasa mmoja, Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964 haitakuwa kitu kigeni. Tatu wazee wanaojua kujenga tembe wanakwisha, VETA, vyuo vyetu vya ufundi, wachukue hata wawili watatu wawafundishe vijana, vijana hao hao ndo watakuja kujenga hoteli za kitalii za mtindo huo ambazo naona matajiri wameanza kuzitaka huko mbugani, wanaleta mafundi kutoka mbali.

Na huyo msomaji mwenzangu nimempa heshima zake zote, sina ubaya naye. Mhariri mpe namba yangu, unayo. Jumamosi yoyote asubuhi tukutane stendi, nimpeleke Mvumi akae ndani ya tembe saa saba ya mchana halafu tuje tukae kwenye fremu yake ya vioo, tuone nani atatoka jasho. Nauli nalipa mimi, ugali wa mtama na mlenda atalipa yeye.

Fundi ujenzi,
Nkuhungu, Dodoma